Tone la Maji juu ya Jani la Kalinzi

Kalinzi ni kijiji cha mlimani, kaskazini ya Kigoma, kijulikanacho kwa kahawa na migomba. Mvua inyeshapo, jani la gimbi halilowi. Maji hujikusanya yakawa matone ya mviringo, kisha huporomoka yakichukua vumbi. Mkahawa ulio jirani hauna bahati hiyo, na tofauti yenyewe si pambo la macho tu: viini vya kuvu iletayo kutu ya kahawa haviwezi kuota pasipo unyevu juu ya jani. Saa za jani kukaa limelowa ni saa za hatari kwa mkulima.

Wengi huianza historia ya elimu hii mwaka 1997, Barthlott na Neinhuis wa Bonn walipoeleza kwamba jani la yungiyungi la Asia lina vinundu vidogo mno vilivyofunikwa nta, hata tone huketi juu ya vilele, na hewa chini yake. Baadaye zilitengenezwa rangi za kuta zisizoshika uchafu. Mimi sikubali mwanzo huo. Mwaka 1944 Cassie na Baxter walikwisha kukokotoa hali ya tone lililokalia uso wenye hewa katikati. Na Thomas Young alikwisha kuieleza pembe ya tone mwaka 1805. Mtu aliyejikinga mvua kwa jani la mgomba naye alijua alichokiona, ijapokuwa hakuandika.

Kuna habari nyingine, iliyo karibu zaidi nasi. Magharibi ya vilima hivyo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, iko Gombe. Jane Goodall alifika huko Julai 1960, na mwaka 1964 akachapisha kwamba sokwe hutafuna majani, huyafanya donge, huyachovya katika tundu la mti lenye maji ambayo midomo haiyafikii, kisha huyafyonza. Tazama basi: jani zima lina nta, nayo huyazuia maji, likitafunwa, ngozi yake huchanika na mikunjo huyashika. Jani ni lile lile, tabia imegeuzwa. Simwiti sokwe mwanasayansi, maana hakuna ajuaye kama anaifahamu sababu. Lakini tendo lilionwa, likaandikwa, na tarehe yake ipo. Katika masimulizi ya elimu hii niliyoyasoma, mwaka 1964 haumo, nauandika hapa.