Vumbi Tunaloliona na Moshi Tusiouona

Kila ifikapo Septemba, nikipita Soko la Majengo hapa Dodoma, huwakuta wauza nafaka wakipangusa vumbi jekundu juu ya magunia yao. Ukiwauliza kuhusu hewa, watakujibu kwamba hii ni nchi ya vumbi tangu enzi za mababu. Naamini jibu hilo linaisamehe historia mapema mno.

Ni kweli kwamba uwanda wa kati ni mkame, na mvua zake ni za msimu mmoja mfupi. Lakini ukame peke yake haung'oi miti. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa kufyeka pori kwa ajili ya kilimo cha karanga. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pori likiwa limekwisha kung'olewa. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua kuhamishia makao makuu Dodoma, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika vilima vya Kondoa vilivyoliwa na makorongo. Wafugaji waliumia, lakini majani na miti vilirudi. Basi ardhi hii iliharibiwa kwa maamuzi, na kwa maamuzi sehemu yake ikapona.

Hata hivyo, ndugu msomaji, vumbi tunalolipangusa linatuficha jambo zito zaidi. Chembe nyingi za vumbi ni kubwa, nazo hunaswa puani na kooni. Zinazozama mapafuni hata kufika kwenye damu ni zile zisizozidi mikromita 2.5, kama sehemu moja ya thelathini ya upana wa unywele. Afrika Magharibi huletewa nyingi na upepo kutoka Sahara. Mijini kwetu, nyingi huzaliwa na moto: mkaa, kuni, taka na dizeli. Pwani, upepo wa bahari husaidia kuzitawanya. Huku bara, usiku wa kiangazi upepo unapotulia, moshi hubaki mitaani pamoja nasi.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika mji wa Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Majiko yameongezeka pamoja na watu. Wakati huohuo, mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini mama lishe wa Majengo hununua mkaa kwa kopo, kwa fedha aliyoipata siku hiyo. Mtungi wa gesi humdai fedha ya siku nyingi kwa mkupuo. Asipouziwa gesi kwa kipimo kinacholingana na kipato chake, ataendelea kuvuta moshi, na sisi tutaendelea kulilaumu vumbi.