Jinsia ya Mungu katika lugha

Jinsia ya Mungu katika lugha ni suala linalohusu jinsi lugha, tafsiri, picha na vyombo vya habari vinavyomtaja Mungu (au miungu) kwa maneno, viwakilishi na sauti za kiume au za kike. Suala hilo linagusa isimu, teolojia, tafsiri ya vitabu vitakatifu na masomo ya jinsia.

Uyahudi, Ukristo na Uislamu hufundisha kuwa Mungu si mwanamume wala mwanamke. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 239) inasema wazi kwamba Mungu anapita tofauti ya jinsia za binadamu. Hata hivyo anayesali au kuhubiri hana budi kutumia maneno, na katika lugha nyingi karibu kila neno limeshapewa jinsia kabla msemaji hajafungua kinywa.

Jinsia ya kisarufi na jinsia ya kimaumbile

Wanaisimu hutofautisha jinsia ya kimaumbile (kuwa mume au mke) na jinsia ya kisarufi, yaani mpango wa kugawa nomino katika makundi yanayoongoza upatanisho wa sentensi. Katika Kifaransa meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, wala hakuna anayefikiri kwamba meza inaweza kuzaa. Lugha za Kibantu nazo zina ngeli, ambazo ni mpango wa aina hiyohiyo, ila hazitenganishi kiume na kike.

Ugumu unatokea pale nomino inapomhusu mwenye nafsi. Hapo jinsia ya kisarufi huanza kusikika kama habari juu ya mhusika mwenyewe.

Lugha za Biblia

Katika Kiebrania, jina la Mungu hufuatwa na vitenzi vya kiume. Lakini neno ruah (roho, upepo, pumzi) kwa kawaida ni la kike, na hivyo katika mstari wa pili wa kitabu cha Mwanzo kitendo cha Roho wa Mungu juu ya maji kimeandikwa kwa umbo la kike. Kigiriki cha Agano Jipya kinatumia pneuma, neno lisilo la kiume wala la kike. Kilatini kinatumia spiritus, la kiume. Roho yuleyule amepita jinsia tatu za kisarufi kwa kuvuka lugha tatu tu.

Kisiramu kinaonyesha kwamba jambo hilo si la sarufi peke yake. Neno ruha ni la kike, na waandishi Wakristo wa kwanza wa lugha hiyo walimtaja Roho Mtakatifu kwa vitenzi vya kike; baadhi yao, kama Afrahati katika karne ya 4, walimlinganisha na mama. Kuanzia karne ya 5 hivi waandishi walizidi kulitumia neno hilo kwa upatanisho wa kiume kila lilipomhusu Roho Mtakatifu, ingawa lilibaki la kike katika maana zake nyingine. Sarufi ilikunjwa ili ifuate teolojia.

Upande wa mifano, Biblia humwita Mungu mfalme, mchungaji, mume na baba, lakini pia Isaya anamlinganisha na mwanamke mwenye utungu wa kuzaa (42:14) na mama anayemtuliza mwanae (66:13). Yesu alijifananisha na kuku anayekusanya vifaranga, na katika Injili ya Luka mfano wa mwanamke anayetafuta sarafu iliyopotea umewekwa kati ya mfano wa mchungaji na ule wa baba mwenye wana wawili. Mahubiri mengi humkumbuka baba huyo. Mwanamke mwenye ufagio hupitwa haraka.

Kiarabu na Kurani

Kiarabu kina jinsia mbili tu za kisarufi, hivyo kiwakilishi cha Mwenyezi Mungu katika Kurani ni huwa, cha kiume. Wanazuoni wa Kiislamu hawakichukui kuwa dalili ya jinsia, kwa kuwa Mungu hafanani na kiumbe chochote. Uislamu haumwiti Mungu “baba”: sura ya 112 inakanusha kuzaa na kuzaliwa, na neno hilo halimo kati ya majina mazuri 99. Majina mawili yanayotajwa kuliko yote, Ar-Rahman na Ar-Rahim, yana mzizi mmoja na neno la Kiarabu la tumbo la uzazi. Uhusiano huo unatajwa hata katika hadithi za Mtume, na unapatikana vilevile katika Kiebrania.

Suala la lugha na wanawake liliulizwa mapema. Kwa mujibu wa riwaya mashuhuri, Umm Salama, mke wa Mtume Muhammad, aliuliza kwa nini wanaume wanatajwa katika Kurani na wanawake hawatajwi. Wingi wa kiume katika Kiarabu huweza kujumuisha wote, lakini yeye alitaka kusikia wanawake wakitajwa kwa jina lao. Riwaya hiyo inahusishwa na aya ya 35 ya sura Al-Ahzab, inayotaja jozi kumi za wanaume na wanawake: Waislamu, waumini, wakweli, wenye kusubiri na kadhalika.

Aya hiyo ni mtihani kwa mfasiri wa Kiswahili. Kiarabu kinabadilisha mwisho wa neno tu, ilhali Kiswahili hakina mwisho wa kubadilisha, hivyo lazima yaongezwe maneno “wanaume” na “wanawake”. Wafasiri kama Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969, na Ali Muhsin al-Barwani (1995) walikuta kazi hiyohiyo mbele yao.

Kiswahili

Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. “Yeye” na kiambishi “a-” hutumika kwa mume, mke, malaika na Mungu. Neno “Mungu” lenyewe lina umbo la ngeli ya M-/Mi-, pamoja na mti na mto, lakini katika umoja hupatanishwa kama mtu: Mungu mwema, Mungu anajua. Likiwa katika wingi, kwa maana ya miungu ya uongo, mara nyingi hurudi kwenye umbo lake: miungu mingi, miungu ya kigeni. Mmoja anahesabiwa kuwa na nafsi. Wengi wanapatanishwa kama vitu.

Upatanisho unabeba imani wazi zaidi katika neno “roho”, ambalo ni la ngeli ya N-: roho nzuri, roho inauma. Wakristo wengi husema “Roho Mtakatifu anashuka”, kwa sababu wanamkiri kuwa nafsi ya tatu ya Utatu. Mashahidi wa Yehova, wanaofundisha kwamba roho hiyo ni nguvu ya Mungu na si nafsi, huandika “roho takatifu” na kuipatanisha kama kitu. Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kutambua dhehebu la msemaji kwa herufi moja au mbili tu.

Mabishano mengine yaliyochukua miaka katika Kiingereza hayapo kabisa katika Kiswahili. Barua za Mtume Paulo zinawaita waamini adelphoi, neno lililotafsiriwa kwa Kiingereza kama “kaka” na kuonekana kuwaacha wanawake nje. Kiswahili kina “ndugu”, ambalo halichagui. “Mwana”, “mtume”, “nabii”, “Muumba”, “Mwokozi” na “Mola” nayo hayachagui.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa Kiswahili kimekwepa suala zima. “Baba” ni wa kiume kwa maana, si kwa sarufi. “Bwana”, neno linalotumika kwa Mungu na kwa Yesu, ni pia neno la mwenye mali, la mheshimiwa wa kiume na la mume. “Binadamu” na “mwanadamu” maana yake ni mtoto wa Adamu, Hawa hakutajwa. Vyeo vya dini vimejaa ubaba: padri, baba askofu, Baba Mtakatifu. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoanza kuwapokea wanawake katika uchungaji, neno “mchungaji” halikuhitaji kubadilishwa, lakini magazeti yalizoea kuandika “mchungaji mwanamke”, wakati “mchungaji mwanamume” haiandikwi. Emily Onyango alipowekwa wakfu mwaka 2021 kuwa askofu mwanamke wa kwanza wa Kanisa la Anglikana la Kenya, lililokuwa na ugumu ni neno “baba” linalotangulia cheo. “Askofu” lenyewe halikuwa na shida.

Lugha nyingine za Afrika Mashariki

Wamasai humwita Mungu Enkai, jina lenye kiambishi cha kike, maana Kimaa hutofautisha kiume na kike katika nomino. Wakikuyu wanasema Ngai, jina linalohesabiwa kuwa lilitoka kwa Wamasai, na ndilo linalotumika katika Biblia ya Kikikuyu. Kwa kuwa Kikikuyu ni lugha ya Kibantu, uke wa jina hilo ulipotea njiani bila mtu kuamua upotee. Kwa Wairaqw wa kaskazini mwa Tanzania, Looa, anayehusishwa na jua, ni wa kike na mwenye upole kama wa mama.

Mabishano ya karne ya 20 na ya 21

Mwaka 1973 mwanafalsafa wa Marekani Mary Daly alitoa kitabu kilichodai kwamba picha ya Mungu kama baba inahalalisha utawala wa wanaume. Mwaka 1978 mtaalamu wa Biblia Phyllis Trible alichukua njia nyingine: alirudi kwenye Kiebrania na kuonyesha mifano ya kike iliyofichwa na tafsiri. Mwaka huohuo, tarehe 10 Septemba, Papa Yohane Paulo I alisema hadharani kuwa Mungu ni baba, na zaidi ni mama. Wazo hilo lilikuwa na mizizi ya kale: katika karne ya 14 Juliana wa Norwich aliandika juu ya Yesu kama mama.

Mabadiliko ya maneno huweza kuwa na matokeo mazito. Baadhi ya jumuiya zilibatiza kwa jina la “Muumba, Mkombozi na Mtakatifuzaji” ili kukwepa Baba na Mwana. Mwaka 2008 Vatikani ilitangaza kuwa ubatizo huo ni batili, hivyo waliobatizwa hivyo walipaswa kubatizwa upya.

Vyombo vya habari navyo huukuza ubishi. Mwaka 2017 Kanisa la Sweden lilipitisha kitabu kipya cha ibada chenye baadhi ya maneno yasiyo na jinsia. Vyombo vingi duniani vilitangaza kuwa limekataza kumwita Mungu kwa kiwakilishi cha kiume. Kanisa lilikanusha: Baba na Mwana walibaki humo, na mbadala uliongezwa kando yao.

Picha, filamu na mashine

Lugha isiyo na jinsia inaweza kunyamaza. Picha na sauti haziwezi. Mchoro wa Michelangelo katika kikanisa cha Sisto (1508–1512) umemfanya mzee mwenye ndevu kuwa sura ya Mungu hata kwa wasiowahi kufika Roma. Uislamu, kwa kukataza picha hizo, uliendeleza maandishi ya kupambwa badala yake. Katika filamu Mungu ameigizwa na Morgan Freeman (Bruce Almighty, 2003), na pia na wanawake: Alanis Morissette (Dogma, 1999) na Octavia Spencer (The Shack, 2017). Filamu ya Yesu ya mwaka 1979 imewafikia watu wengi Afrika Mashariki kwa sauti ya Kiswahili. Mwenye kutia sauti hana “a-” ya kujifichia: lazima achague koo la mwanamume au la mwanamke.

Programu za kutafsiri hukutana na ugumu huohuo. Zikipewa sentensi ya Kiswahili yenye “yeye”, ni lazima zichague kiwakilishi cha Kiingereza, na uchunguzi umeonyesha kuwa huelekea kumfanya daktari mwanamume na muuguzi mwanamke, kwa kufuata mazoea ya matini zilizojifunzia. Mwaka 2018 Google ilianza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, kwa sentensi za Kituruki, lugha nyingine isiyo na jinsia.