Kisiki Kilicho Hai

Mti una maadui wa namna mbili. Wa kwanza ni mgeni aupandaye. Katika msitu wa Magombera, bondeni Kilombero, mimea itambaayo imeitanda miti mingi hata ikaikosesha nuru, na atakaye kuiokoa hana budi kuikata kamba hiyo chini kabisa. Adui wa pili hutoka katika shina la mti wenyewe. Huyu ndiye adui wa Mvumi, na habari zake zastahili kuandikwa.

Nchi ya Ugogo hupata mvua haba, wastani wa milimeta zipatazo 570 kwa mwaka, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Mti ukatwapo kwa ajili ya shamba, kuni au makaa, aghalabu mizizi yake haifi. Mvua ijapo, kisiki hutoa machipukizi tele. Yote hugombea maji yale yale, mbuzi huyatafuna, na mwisho wake huwa kichaka kifupi ambacho hakuna akiitaye mti.

Serikali iliona ardhi ikichukuliwa na maji, ikaanzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, kilomita za mraba 1,256. Mwaka 1986 amri kama hiyo ikafika Mvumi. Nyasi na vichaka vilirudi, hilo halikanushiki. Lakini kwa Mgogo ng'ombe ni mahari, maziwa, samadi na akiba ya mwaka wa njaa. Amri iliuponya udongo kwa kumjeruhi mwenye udongo, na mifugo iliyohamishwa ilikwenda kula kwingine.

Dawa nyingine ilikuwa imekwisha kuonekana mbali. Nchini Niger, mwaka 1983, Tony Rinaudo, aliyechoka kupanda miche ikifa, alitambua kwamba vichaka vya mashambani ni miti iliyokatwa, na mizizi yake ingali hai. Mwaka 2018 LEAD Foundation ya Dodoma, pamoja na Justdiggit ya Uholanzi, walianza kuieneza kazi hiyo mkoani kwa jina la Kisiki Hai. Mkulima huchagua machipukizi machache yaliyo imara, huyapogoa yaliyosalia, huutia mti alama ili wapitao waujue, kisha huulinda. Hahitaji mbegu, wala bustani ya miche, wala maji ya kuteka.

Kazi hii ni nyepesi kwa mkono, lakini ni nzito kwa moyo, kwa kuwa kukata kilicho kibichi katika nchi kame hufanana na uharibifu. Tena alama iliyofungwa mtini haina nguvu ila kwa ridhaa ya jirani mwenye mbuzi. Amri ya 1986 ilihitaji askari. Kisiki chahitaji mwenyewe. Askari huhamishwa, mwenyewe hubaki, na mti huishi kwa yule abakiye.