Anwani ya kituo kinachofuata

Anwani ya kituo kinachofuata ni anwani ya IP ya ruta ambayo pakiti ya data hukabidhiwa ili iendelee na safari kuelekea kwa mpokeaji wake. Ni mojawapo ya taarifa za msingi katika jedwali la njia la ruta. Kila mstari wa jedwali hilo hutaja mtandao fulani, jirani wa kukabidhiwa pakiti zinazokwenda huko, na mlango wa kutokea. Kwa kawaida ruta haiongozi pakiti katika safari nzima. Huamua hatua moja tu, kisha kazi inakuwa ya jirani.

Namna inavyotumika

Pakiti inapofika, ruta husoma anwani ya mpokeaji na kutafuta mstari unaolingana nayo kwa biti nyingi zaidi. Pakiti inayokwenda 203.0.113.25 itafuata mstari wa 203.0.113.0/24 kuliko ule wa 0.0.0.0/0, ambao ni njia ya jumla kwa kila kisichotajwa kwingine.

Tuseme mstari huo unataja kituo kinachofuata kuwa 192.0.2.1. Ruta haiandiki anwani hiyo ndani ya pakiti, na hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Anwani ya IP ya mpokeaji hubaki ileile njiani, isipokuwa pale ambapo kuna kifaa cha kubadilisha anwani (NAT). Kinachobadilika kila hatua ni anwani ya MAC katika fremu inayobeba pakiti. Kwenye mtandao wa Ethernet, ruta hutumia itifaki ya ARP, iliyochapishwa mwaka 1982, kuuliza ni kifaa kipi chenye 192.0.2.1, ikijibiwa, hutuma fremu kwa anwani ya MAC iliyopewa. Jirani akipokea, hufungua jedwali lake mwenyewe na kuanza upya.

Kompyuta ya kawaida nayo hufanya hivyo: anwani ya lango inayowekwa katika mipangilio ya mtandao ni kituo chake kinachofuata.

Katika itifaki za ndani

Toleo la kwanza la RIP (1988) halikuwa na nafasi ya kuandika kituo kinachofuata: aliyetangaza njia ndiye aliyepelekewa pakiti. Toleo la pili, la miaka ya 1990, liliongeza nafasi hiyo, na humo 0.0.0.0 humaanisha "nipe mimi niliyetangaza". Katika OSPF, ruta hupeana taarifa za ramani ya mtandao. Kila moja hukokotoa njia fupi kwa mbinu ya Dijkstra, na jirani wa kwanza katika njia hiyo ndiye kituo kinachofuata.

Katika BGP

BGP ndiyo itifaki inayounganisha mitandao ya kampuni na taasisi mbalimbali duniani, nayo huleta ugumu wa pekee: kituo kinachotajwa kinaweza kuwa mbali na ruta inayosoma tangazo.

Kwa mfano, ruta ya mpakani M inapokea kutoka kwa kampuni jirani njia ya 203.0.113.0/24 yenye kituo kinachofuata 192.0.2.1. M inapoipitisha kwa ruta A iliyo ndani ya kampuni yake, kwa kawaida haibadilishi anwani hiyo. Basi A hulazimika kutafuta mara ya pili: kwanza njia ya kwenda 203.0.113.0/24, halafu njia ya kufika 192.0.2.1 yenyewe, ambayo hutolewa na itifaki ya ndani kama OSPF. Isipoipata, BGP huagiza njia hiyo isichaguliwe. Hitilafu hii ni ya kawaida na inaudhi, kwa sababu njia huonekana kwenye orodha ya BGP na mawasiliano kati ya A na M ni mazima, ila pakiti haziendi. Tiba ni mbili: kutangaza ndani mtandao wa kiungo cha mpakani, au kuiagiza M iandike anwani yake yenyewe kama kituo kinachofuata. Wahandisi wengi hupendelea ya pili, kwani huepusha kujaza itifaki ya ndani viungo vya nje.

Katika vituo vya kubadilishana trafiki ya intaneti, mfano KIXP ya Nairobi, wanachama hukutana kwenye mtandao mmoja. Seva ya njia ikitumika katika kituo cha namna hiyo, hupokea tangazo la mwanachama na kulisambaza kwa wengine bila kugusa kituo kinachofuata. Kwa hiyo matangazo hupitia seva, lakini pakiti huenda moja kwa moja kutoka ruta ya mwanachama hadi ya mwenzake.

IPv6

Katika IPv6 kituo kinachofuata mara nyingi ni anwani ya kiungo inayoanza na fe80. Kwa kuwa anwani ya namna hiyo hutambulika ndani ya kiungo kimoja tu, ni lazima mlango wa kutokea utajwe pamoja nayo. Viwango vya BGP pia huruhusu njia ya IPv4 kuwa na kituo kinachofuata cha IPv6.