Mizigo ya Mabega: Kutoka Wapagazi wa Ujiji hadi Makuli wa Kigoma

Kabla ya reli, pembe za ndovu zilizokusanywa katika nchi ya Manyema, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, na kuvushwa ziwa hilo hadi Ujiji zilisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi pwani juu ya mabega ya watu, kwa kuwa mbung'o, yaani inzi waenezao ugonjwa wa nagana, waliwamaliza wanyama wa mizigo njiani. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, na mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Speke Februari 1858, alieleza kuwa watoto wao walianza kuzoezwa kwa vipembe vidogo, hivyo mwili ulikua pamoja na uzito.

Desturi iliuwekea mzigo mpaka: takriban frasila mbili, na frasila ni kipimo cha ratili 35, kama kilo 16. Mpagazi aliukagua mzigo kabla ya safari na kubishania uzito wake, na aliyeona ameonewa aliweza kuutua na kutoroka, hasara ambayo hakuna tajiri wa msafara aliyeitaka. Mnyampara, msimamizi wa kundi la wapagazi, kwa kawaida alibeba kidogo au hakubeba kabisa, na kwa njia hiyo uzoefu uliendelea kulipwa hata nguvu zilipopungua.

Ubebaji wenyewe ulikuwa na ufundi. Ngata, yaani kitambaa au majani yaliyoviringwa, ilitandaza uzito kichwani. Mzegazega, mti wenye mzigo kila ncha, uliugawa mbele na nyuma ya bega. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu wanawake wa Kijaluo na Kikuyu wa Kenya ulionyesha kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada, jambo ambalo askari waliofanyiwa majaribio wakiwa na mikoba mgongoni hawakuliweza.

Reli ilifika Kigoma, bandari jirani ya Ujiji, mwaka 1914 na misafara ikafa, lakini bega halikupumzika, kwani kati ya behewa na meli walibaki wachukuzi, au makuli, na mwendo wao ulipofupishwa mzigo uliongezwa. Gunia la kilo 100 ni zaidi ya mizigo mitatu ya msafara, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, huzidi hapo. Kwa mtu aliyevuka miaka 50, ambaye gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa, imeanza kulika magotini, hatari kubwa haiko katika kutembea bali katika kuinuka na mzigo, kujipinda na kuutua kwa kishindo.

Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Nchini Tanzania lumbesa hupigwa vita kama wizi wa vipimo dhidi ya mkulima, na hoja hiyo ni ya haki, ila haitoshi: gunia linapaswa kupimwa pia kwa mgongo wa anayelibeba, na mchukuzi mzee apewe mkokoteni au nusu ya mzigo bila kukatwa ujira.