Tarehe ya Muscle Shoals, Mji wa Studio Mbili

Kaskazini mwa jimbo la Alabama, Marekani, mto Tennessee umepita katikati ya miji minne iliyoshikana: Florence upande wa kaskazini, na Sheffield, Tuscumbia na Muscle Shoals upande wa kusini. Ni miji midogo, ya wakulima wa pamba na wafanyakazi wa viwandani. Bwawa la Wilson lilikamilika hapo mwaka 1924, likaleta umeme na ajira. Florence ilizaa watu wawili wakubwa wa muziki: W. C. Handy, aliyezaliwa 1873 na kuitwa baba wa bluzi, na Sam Phillips, aliyezaliwa 1923, mwasisi wa studio ya Sun. Wote wawili walihama, na jina walilipatia Memphis.

Studio ya kwanza katika tarehe hii ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa mjini Florence. Mwaka 1959 vijana watatu, Rick Hall, Billy Sherrill na Tom Stafford, waliungana wakaiita FAME, kifupi cha jina la Kiingereza la shughuli za muziki za Florence, Alabama. Ushirika haukudumu. Wenzake walimtoa Hall, naye akaondoka na jina la kampuni. Alikuwa mtoto wa mkata mbao maskini, amelelewa na baba peke yake baada ya mama kuondoka nyumbani, na mke wake wa kwanza alikufa katika ajali ya gari. Mtu huyo hakuwa mwepesi wa kukaa naye. Alitaka wimbo upigwe mpaka uwe sawasawa, na saa haikumhusu.

Mwaka 1961 Hall alikodi ghala la zamani la tumbaku, akalifanya studio. Humo akamrekodi kijana mweusi wa Sheffield, Arthur Alexander, aliyekuwa mbeba mizigo ya wageni hotelini. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe, "You Better Move On". Hall aliuchukua mkanda ule akauzungusha Nashville, mlango kwa mlango, akikataliwa, mpaka kampuni ya Dot ikaukubali. Mwaka 1962 wimbo ukaingia katika nyimbo thelathini za juu Marekani. Fedha alizopata Hall ndizo zilizojenga jengo la FAME, namba 603 barabara ya East Avalon, Muscle Shoals, ambalo limesimama hadi leo.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu wasimuliaji wengi hupita mbio. Jengo lile limejengwa kwa sauti ya Alexander. The Beatles waliurekodi wimbo wake "Anna" katika albamu yao ya kwanza mwaka 1963. Rolling Stones wakaurekodi ule wa ghalani. Bob Dylan naye, miaka mingi baadaye, akarekodi mwingine. Mtunzi mwenyewe alichukuliwa kurekodi Nashville, kazi ikayumba, malipo yake yakawa haba, na hatimaye akaacha muziki akawa dereva wa basi mjini Cleveland. Alirudi na albamu mpya mwaka 1993, na mwezi Juni mwaka huohuo akafariki. Anastahili sura nzima.

Turudi studioni. Kikosi cha kwanza cha wapigaji wa Hall kilihamia Nashville kutafuta malipo bora, na nafasi zao zikashikwa na vijana wengine wa hapohapo: Roger Hawkins kwenye ngoma, Jimmy Johnson kwenye gitaa, David Hood kwenye besi, na Barry Beckett kwenye kinanda, aliyeingia baada ya Spooner Oldham kuondoka. Utaratibu wa kazi ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutenda. Mwimbaji anafika na wimbo, wapigaji wanausikiliza, kila mmoja anatafuta sehemu yake bila kuandikiwa noti, kisha wote wanapiga pamoja chumbani mpaka Hall aridhike. Ndiyo maana santuri za pale zina pumzi ya watu waliokaa chumba kimoja. Hawkins hakujaza ngoma kila pengo. Alimwachia mwimbaji nafasi, na kwa masikio yangu hiyo ndiyo siri kubwa kuliko zote za Muscle Shoals.

Wapigaji hao walikuwa weupe, na wengi wa waimbaji walikuwa weusi, katika jimbo ambalo gavana wake, George Wallace, alisimama mlangoni pa chuo kikuu mwaka 1963 kuwazuia wanafunzi weusi. Nje, mweusi na mweupe kula meza moja ilikuwa hatari. Ndani, walikaa pamoja usiku kucha wakibishana juu ya mdundo. Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi: mwenye studio alikuwa mweupe, na anayemiliki mkanda ndiye aliyekula zaidi. Lakini kazi waliyofanya pamoja ilikuwa ya kweli.

Mwaka 1966 mtangazaji wa redio Quin Ivy, mwenye studio ndogo mjini Sheffield, alimrekodi Percy Sledge, mhudumu wa wagonjwa hospitalini, akiimba "When a Man Loves a Woman". Hall alimpigia simu Jerry Wexler wa kampuni ya Atlantic, New York, akamwambia wimbo umepatikana. Ukashika namba moja Marekani. Tangu hapo Wexler akaanza kuleta watu wake Alabama. Wilson Pickett alikuja mwaka huohuo. Yeye ni mzaliwa wa Alabama aliyekwisha kuhama, na alipotazama chini kutoka ndani ya ndege akaona watu weusi bado wanachuma pamba, nusura ageuze. Aliposhuka akarekodi "Land of 1000 Dances" na "Mustang Sally".

Kisha akaja Aretha Franklin, Januari 1967. Alikuwa ametumikia kampuni ya Columbia kwa miaka bila kupata wimbo wa kumtambulisha. Siku ile FAME walihangaika na "I Never Loved a Man", hawajui waushike wapi, mpaka Oldham alipogusa kinanda cha umeme akapata njia. Wenzake wakamfuata, na wimbo ukakamilika. Wexler alikuwa ameomba wapuliza tarumbeta weusi wawepo. Aliowakuta walikuwa weupe watupu. Pombe ikanywewa. Mume wa Aretha, Ted White, akagombana na mpuliza tarumbeta mmoja, na usiku Hall akaenda hotelini kusuluhisha, akaishia kupigana naye. Asubuhi Aretha na mumewe wakaondoka. Wexler hakumsamehe Hall, lakini hakuweza kuwaacha vijana wake: aliwaita New York, na "Respect", inayopigwa duniani kote, ina ngoma za Hawkins na gitaa la Johnson ingawa haikurekodiwa Alabama.

Mwaka 1969 wapigaji wanne wakavunja ndoa na Hall. Kwa mkopo wa Wexler wakafungua studio yao, namba 3614 barabara ya Jackson, Sheffield, katika jengo dogo lililowahi kuuzia majeneza, mbele yake makaburi. Hall aliumia sana, lakini hakufunga. Aliunda kikosi kipya chenye weusi na weupe, na mwaka 1971 jarida la Billboard likamtaja prodyuza bora wa mwaka. Miji ile midogo sasa ikawa na studio mbili zinazoshindana, na ushindani huo uliwanufaisha wote.

Desemba 1969 Rolling Stones walikaa siku tatu barabara ya Jackson, wakarekodi "Brown Sugar" na "Wild Horses", Johnson akiwa kwenye mitambo. Sehemu ya kazi hiyo inaonekana katika filamu Gimme Shelter ya mwaka 1970. Mwaka 1972 Staple Singers walitoa "I'll Take You There", na Paul Simon alipousikia akawatafuta wapigaji wale weusi waliopiga vile, akaambiwa ni weupe wa Alabama. Akaenda hivyohivyo. Jimmy Cliff wa Jamaika naye aliwahi kurekodi pale.

Mwaka 2013 ilitoka filamu ya makala ya Greg Camalier, Muscle Shoals, ambamo Hall, Pickett, Aretha na Keith Richards wanasikika. Ni filamu nzuri na naipenda. Inarudia sana habari za mto unaoimba, imani ya Wayuchi waliokaa hapo kabla ya kufukuzwa. Tunamwona Tom Hendrix, aliyejenga ukuta mrefu wa mawe kwa mikono yake, kumkumbuka bibi yake wa kale Te-lah-nay, aliyehamishwa kwa nguvu akarudi kwa miguu kuutafuta mto wake. Habari hiyo ina haki ya kusimuliwa kwa heshima yake, kama tarehe ya watu waliodhulumiwa ardhi. Siikubali inapotumiwa kueleza sauti ya santuri. Mto ulipita hapo karne nyingi. Sauti ilikuja pale vijana walipokaa miaka mingi chumba kimoja, na mbeba mizigo mmoja alipoleta wimbo.

Beckett alifariki 2009, Hall Januari 2018, Johnson 2019, Hawkins 2021. Jengo la Jackson lilikarabatiwa likafunguliwa tena kwa wageni mwaka 2017, na FAME bado inarekodi. Anayetaka kuisikiliza tarehe hii asianze na Rolling Stones wala Aretha. Aanze na "You Better Move On", na atakayeiandika upya aanze na jina la Arthur Alexander.