Marekani ya 2007: Nyumba, Migomo na Hofu ya Mdororo

Mdororo wa uchumi ulioikumba Marekani kati ya Desemba 2007 na Juni 2009 ulidumu miezi 18, muda mrefu kuliko mdororo mwingine wowote nchini humo tangu kumalizika kwa Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe hizo huwekwa na jopo la wanauchumi wa taasisi ya utafiti ya NBER, ambalo husubiri takwimu zikamilike ndipo litoe kauli. Safari hiyo lilisubiri hadi 1 Desemba 2008, likatangaza kwamba uchumi ulikuwa umeanza kusinyaa mwaka mmoja nyuma. Wenye nyumba na wafanyakazi walikuwa wamekwisha kulijua hilo. Bei za nyumba zilikuwa zinashuka tangu 2006, na miezi ya mwisho ya 2007 ilikuwa ya migomo mfululizo: viwanda vya magari, waandishi wa filamu na televisheni, mafundi wa kumbi za maigizo. Anguko la nyumba na migomo hiyo huandikiwa historia mbili tofauti. Chanzo cha ugomvi kilikuwa kimoja. Thamani ambayo watu waliamini ipo ilikuwa inayeyuka, na kila upande ulitaka hasara iangukie kwa mwingine.

Soko la nyumba lilikuwa limepandishwa na fedha za bei rahisi. Baada ya mdororo mdogo wa 2001, Benki Kuu ya Marekani chini ya Alan Greenspan ilishusha riba hadi asilimia 1 mwezi Juni 2003 na kuiacha hapo mwaka mzima. Mikopo ya nyumba ikawa nafuu, na kampuni za mikopo zikaanza kuwatafuta hata watu ambao zamani wangekataliwa mlangoni: waliowahi kushindwa kulipa madeni, wasio na akiba ya malipo ya awali, wasioweza kuthibitisha kipato chao. Mkopo ulioenea zaidi miongoni mwao ulikuwa na riba isiyobadilika kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kwa miaka 28 iliyobaki riba ikafuata soko. Mkopaji aliambiwa asiuogope mwaka wa tatu, kwa kuwa kufikia hapo nyumba ingekuwa imepanda bei na angepata mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Hesabu hiyo ilisimama kwa muda ule tu ambao bei ziliendelea kupanda.

Mkopeshaji naye hakuwa na sababu kubwa ya kujali kama angelipwa. Mikopo iliuzwa kwa benki za uwekezaji za Wall Street, ikakusanywa kwa maelfu, ikageuzwa hatifungani, ikapewa alama za juu na kampuni zinazopima ubora wa madeni, kisha ikauzwa kwa mifuko ya pensheni na mabenki ya nchi nyingi. Kufikia 2006, takriban mkopo mmoja kati ya kila mitano mipya ulikuwa wa wakopaji wa daraja la chini. Mwaka uliotangulia, nyumba zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimeanza kujengwa nchini humo.

Benki Kuu ilikuwa imeanza kupandisha riba Juni 2004, na ilifanya hivyo mara 17 mfululizo hadi kufikia asilimia 5.25 Juni 2006. Bei za nyumba zilifika kileleni mwaka huo, zikaanza kuteremka. Wajenzi wakabaki na nyumba zisizo na wanunuzi. Nyumba zilizoanza kujengwa zilipungua hadi takriban milioni 1.36 mwaka 2007, na kufikia 2009 zilikuwa 554,000 tu, idadi ndogo kuliko zote tangu takwimu hizo zilipoanza kukusanywa mwaka 1959.

Uzito wa nyumba katika uchumi wa Marekani ulikuwa umeelezwa vizuri na Edward Leamer wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 2007, katika mkutano wa kila mwaka wa wakuu wa benki kuu unaofanyika Jackson Hole, Wyoming, alionyesha kwamba kati ya midororo 10 iliyotokea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, 8 ilitanguliwa na matatizo makubwa katika ujenzi wa nyumba. Sababu si ngumu kuiona. Nyumba moja inapojengwa, kazi huwafikia waashi, mafundi umeme, wakata mbao, watengenezaji wa mazulia, majokofu na vioo. Mkandarasi hununua gari la kubebea vifaa. Mwenye nyumba akiona thamani yake imepanda, hukopa juu ya ongezeko hilo na kulitumia dukani. Ujenzi ukisimama, mnyororo wote huo husimama.

Hata hivyo, viongozi walichelewa kukubali hatari hiyo. Machi 2007 Ben Bernanke, aliyempokea Greenspan kijiti Benki Kuu, aliiambia Kamati ya Pamoja ya Uchumi ya Bunge kwamba athari za mikopo ya daraja la chini zilielekea kutosambaa kwenye uchumi mpana. Siku chache baadaye, tarehe 2 Aprili, New Century, mojawapo ya kampuni kubwa za mikopo hiyo, iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Katikati ya mwaka, mifuko miwili ya uwekezaji ya benki ya Bear Stearns iliyojaa hatifungani za nyumba iliporomoka. Tarehe 9 Agosti benki ya Ufaransa ya BNP Paribas ilizuia wawekezaji kutoa fedha zao katika mifuko mitatu, ikieleza kuwa haikuwezekana tena kujua thamani ya hatifungani hizo. Mwezi uliofuata wateja wa Northern Rock nchini Uingereza walipanga foleni kutoa akiba zao. Benki Kuu ya Marekani ikaanza kushusha riba tarehe 18 Septemba.

Siku sita baada ya hapo, mgomo ukaanza.

Tarehe 24 Septemba 2007, saa 5 asubuhi, wafanyakazi wapatao 73,000 wa General Motors waliacha mashine na kutoka nje. Ulikuwa mgomo wa kwanza wa nchi nzima dhidi ya GM tangu ule wa 1970 uliodumu siku 67. Chama chao, UAW, kikiongozwa na Ron Gettelfinger, kilitaka uhakika wa ajira: kampuni iahidi kwamba magari mapya yangetengenezwa katika viwanda vya Marekani. Kampuni kwa upande wake ilitaka kuutua mzigo wa matibabu ya wastaafu. Wastaafu hao na wenzi wao walikuwa wengi mara kadhaa kuliko waliokuwa bado kazini, na gharama ya kuwatibu kwa miaka iliyobaki ya maisha yao ilikadiriwa kuwa takriban dola bilioni 50.

Mgomo ulikwisha kwa siku mbili. Makubaliano yaliunda mfuko huru, chini ya uangalizi wa chama, wa kulipia matibabu ya wastaafu. GM ingeuchangia kwa mkupuo, kisha ikanawa mikono. Kifungu kingine kilichokuja kuleta uchungu wa muda mrefu kiliruhusu kampuni kuwaajiri wafanyakazi wapya katika kazi fulani kwa takriban nusu ya mshahara wa wakongwe, kiasi cha dola 14 kwa saa. Tarehe 10 Oktoba wafanyakazi wa Chrysler waligoma kwa saa sita hivi na kupata mkataba unaofanana na huo. Ford ilisaini mwanzoni mwa Novemba bila mgomo.

Ufupi wa migomo hiyo unaeleza mengi kuhusu hali ilivyokuwa. Chama hakikuwa na nguvu ya 1970. Jimbo la Michigan, kitovu cha viwanda vya magari, lilikuwa na kiwango cha ukosefu wa ajira kikubwa kuliko jimbo lolote mwaka 2007, na mfanyakazi wa Detroit au Flint aliyetaka kuuza nyumba ahamie kwenye kazi nyingine alikuta nyumba yake ina thamani ndogo kuliko deni lake. Kwa watu wa namna hiyo, kugoma miezi miwili lilikuwa jambo lisilobebeka. Wapo waliodai wakati ule kwamba wagomaji wangeisukuma nchi kwenye mdororo. Mwenendo wa mambo hauungi mkono dai hilo. Siku mbili za GM ziliacha alama ndogo sana katika takwimu za uzalishaji, ilhali magari yaliyouzwa nchini yalishuka kutoka takriban milioni 16 mwaka 2007 hadi milioni 13.2 mwaka 2008 na milioni 10.4 mwaka 2009, kwa sababu wanunuzi walikosa mikopo, kazi, au vyote viwili.

Novemba migogoro ikahamia miji mingine. Tarehe 5 waandishi wapatao 12,000 wa filamu na televisheni waligoma wakidai sehemu ya haki ya mapato ya kazi zao zinazoonyeshwa kupitia intaneti. Mgomo huo ulidumu siku 100, hadi 12 Februari 2008. Ulisimamisha tamthilia nyingi, ukasababisha sherehe ya tuzo za Golden Globe kubadilishwa kuwa mkutano wa waandishi wa habari, na uliwaumiza zaidi watu ambao hawakuwa sehemu ya ugomvi: madereva, wapishi na mafundi cherehani wa studio za Los Angeles, mji ambao tayari bei zake za nyumba zilikuwa zinaporomoka. New York, mafundi wa majukwaa walifunga kumbi nyingi za Broadway kuanzia 10 hadi 28 Novemba.

Mwaka 2008 ulifunguka kwa mafuta kufika dola 100 kwa pipa tarehe 2 Januari. Siku mbili baadaye serikali ikatangaza kwamba ukosefu wa ajira ulikuwa umefika asilimia 5. Februari Rais George W. Bush alisaini sheria ya kuwarudishia walipa kodi hadi dola 600 kwa mtu mmoja, ili wazitumie. Mwezi huohuo wafanyakazi wapatao 3,600 wa American Axle, kampuni inayotengeneza ekseli za magari makubwa ya GM, waligoma kupinga kukatwa mishahara. Walikaa nje hadi Mei. Viwanda vingi vya GM vilisimama au kupunguza kazi kwa kukosa vipuri, lakini GM haikuwa na haraka kubwa, kwani magari hayo, yaliyopendwa na wajenzi, hayakuwa yakinunuliwa. Wafanyakazi hatimaye walikubali mishahara midogo pamoja na fidia ya muda. Silaha ya mgomo hutegemea mwajiri kuihitaji bidhaa. Bidhaa isipohitajika, silaha hiyo hupungua makali.

Benki ya Lehman Brothers ilifilisika 15 Septemba 2008, na kilichokuwa hofu kikawa janga la dunia. Mabenki ya Afrika Mashariki yalikuwa na hatifungani chache za Marekani, hivyo pigo lilipitia biashara: mazao yalishuka bei, watalii wakapungua, fedha kutoka kwa ndugu walioko ughaibuni zikayumba. Tanzania, Rais Jakaya Kikwete alitangaza Juni 2009 mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7, ukiwamo msaada kwa wanunuzi wa pamba na kahawa waliopata hasara msimu wa 2008/09.

Chicago, anguko la nyumba na ugomvi wa kazi vilikutana ndani ya jengo moja. Kampuni ya Republic Windows and Doors ilitengeneza madirisha na milango, na nyumba mpya zilipoacha kujengwa, wateja wakatoweka. Bank of America ikakataa kuendelea kuikopesha. Mwanzoni mwa Desemba 2008, siku chache tu baada ya jopo la NBER kutangaza mdororo, wafanyakazi wapatao 250 waliambiwa kiwanda kingefungwa baada ya siku tatu. Sheria ilidai notisi ya siku 60 au malipo yake. Tarehe 5 Desemba waligoma kutoka ndani ya kiwanda. Benki hiyo ilikuwa imepewa mabilioni ya dola za umma ili iendelee kukopesha, na jambo hilo liliwapa wafanyakazi huruma ya nchi nzima. Barack Obama, aliyekuwa amechaguliwa lakini hajaapishwa, alisema wana haki ya kulipwa wanachodai. Siku ya sita wakapata makubaliano ya dola milioni 1.75, yakiwa mishahara ya wiki nane, malipo ya likizo na miezi miwili ya bima ya afya. Baada ya mmiliki aliyefuata naye kushindwa, baadhi yao walianzisha ushirika wao wa kutengeneza madirisha, New Era Windows, uliofungua milango mwaka 2013.

Chrysler iliingia katika mchakato wa kufilisika Aprili 2009, na GM tarehe 1 Juni. Serikali ilizinusuru kwa masharti, na UAW ilikubali kutogoma katika kampuni hizo mbili hadi 2015. Mfuko wa matibabu ya wastaafu, ambao ulikuwa umeahidiwa fedha taslimu, ulipokea hisa badala ya sehemu kubwa ya deni lake. Ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hata baada ya mdororo kumalizika rasmi, ukafika asilimia 10 Oktoba 2009. Bei za nyumba zilishuka kwa zaidi ya robo ya thamani yake kabla ya kutulia mwaka 2012, na kwa wastani wa nchi hazikurudi zilipokuwa 2006 hadi mwaka 2016.

Mishahara ya madaraja mawili iliyokubaliwa wakati wa hofu ya 2007 ilidumu zaidi ya soko lililoizaa. Wafanyakazi wa GM waligoma kwa siku 40 mwaka 2019, wakidai, pamoja na mambo mengine, tofauti hiyo ipunguzwe. Mwaka 2023 UAW iligoma katika kampuni zote tatu kwa wakati mmoja, kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mikataba iliyopatikana ikaondoa sehemu kubwa ya madaraja hayo.